Kipimo cha Mchezo Usiouzwa

Kitu kinachouzwa hukaguliwa na kila mtu. Mnunuzi wa ndizi sokoni huugeuza mkungu huku na huku, huubonyeza, hulalamikia bei, na mwenye ndizi hahesabu kwamba ametukanwa. Walakini kitu kinachotolewa bure, kwa mapenzi ya aliyekitengeneza, kina kinga ya ajabu. Mtu akikitia kasoro, wenziwe humtazama kwa jicho la kumwuliza yeye ametengeneza nini. Basi watu husifu, hushukuru, wakaenda zao. Desturi hii kwa nje ina adabu nyingi, lakini mimi naona kwamba ndani yake imo dharau. Aliyefanya kazi usiku na mchana bila ya malipo anastahili mkaguzi mkali kuliko yule aliyelipwa, kwa sababu hukumu ndiyo ujira wa pekee atakaoupata.

Nayasema haya kwa ajili ya mchezo wa video uliotengenezwa na mpwa wangu, kijana aliyezaliwa mwaka 2004, ambaye hutengeneza simu katika kibanda kimoja mjini Ngara. Ni mchezo wa aina iitwayo mchezo wa majukwaa. Mtu mdogo ndani ya kioo hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, huruka mashimo, hupanda juu ya vitu vilivyoning'inia hewani, huwakanyaga adui vichwani, mpaka afike mwisho wa hatua. Kijana hakumbuni mtu wake. Alimwazima Mario, yule fundi bomba mwenye masharubu na kofia nyekundu, mali ya kampuni ya Nintendo ya Ujapani, akamtoa katika nchi yake ya uyoga akamleta kwetu. Hatua ya kwanza ni vilima vya Ngara na migomba yake. Ya pili ni njia panda ya Nyakanazi. Ya tatu ni mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Na ya nne ni boma la Biharamulo, lile la Wajerumani. Msomaji anayezijua wilaya hizi mbili ataona mara moja kwamba msafiri huyu anakwenda Nyakanazi, anarudi nyuma mpaka mpakani mwa Rwanda, kisha anakwenda Biharamulo, safari ambayo hakuna mtu mwenye akili angeilipia nauli. Nilipomwambia hivyo alinijibu, "Mjomba, Mario halipi nauli." Nikaliacha hilo.

Mchezo hauuzwi. Umetembea kwa flashi na kwa simu, mkono kwa mkono, kutoka Kabanga hata Nyakanazi, na kila ulikopita umesifiwa. Ndipo Jumapili moja kijana akanijia na kompyuta yake kuukuu, akaniamkia, akaketi, akasema, "Mjomba, kila mtu ananiambia mzuri. Hakuna anayeniambia mzuri kwa sababu gani. Wewe ni mwalimu. Nipe maksi." Nilimwomba wiki mbili.

Ili kuihukumu nakala, sharti mtu aijue asili. Mtu huyu mwenye kofia alionekana mara ya kwanza mwaka 1981 katika mchezo uitwao Donkey Kong, naye wakati ule alikuwa seremala anayepanda mihimili ya jengo huku sokwe akimrushia mapipa. Mwaka 1985 Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka walimtungia Super Mario Bros., na mchezo huo ndio uliofanywa kielelezo na karibu wote waliokuja nyuma. Ulikuwa na nchi nane, kila nchi hatua nne, jumla hatua 32, na vyote hivyo vilienea katika kilobaiti 40 tu, kiasi ambacho leo hakitoshi picha moja ya harusi. Kwa ufinyu huo watungaji walilazimika kuwa wabahili wenye akili: mawingu ya angani na vichaka vya ardhini ni umbo lile lile moja, limebadilishwa rangi. Hatua 32 ni hesabu ile ile ya mashimo ya bao letu, safu nne za mashimo manane, lakini namwomba msomaji asijenge hoja yo yote juu ya jambo hili, maana ni bahati tu, ingawa mimi hunifurahisha.

Hapa sharti niseme neno moja juu yetu wenyewe. Wengi wetu katika Afrika Mashariki hatukumjua Mario kwa mashine ya Nintendo. Tulimjua kwa mashine za kuiga, zilizouzwa kwa bei nafuu mijini, na kanda zao za plastiki ya manjano zilizoandikwa kwamba zina michezo maelfu, kumbe ni michezo michache iliyorudiwa kwa majina mengi. Mimi nilimwona mara ya kwanza mwaka 1998, Mwanza, sebuleni mwa watu, watoto saba tukigombea pedi mbili. Kwa hiyo hata ile tuliyoiita asili ilitufikia ikiwa nakala, tena nakala isiyokuwa na ruhusa. Asemaye kwamba mpwa wangu ameiba, na aseme kwanza sisi tulijifunzia wapi.

Na bao je? Watu wa pwani hulicheza kwa namua na mtaji, tena wana shimo wanaloliita nyumba. Majirani zetu wa Rwanda hucheza igisoro juu ya ubao wa safu nne vilevile, lakini bila ya nyumba. Waganda wana omweso wao. Nani aliyempa mwenziwe ruhusa? Mchezo ulivuka mito, kila waliopokea wakaupenda, na kwa kuupenda wakaubadilisha. Haukuwa na mwenyewe wa kushitakiwa wala wa kushitaki. Lakini ulikuwa na waamuzi, tena wakali! Mkae barazani penye bao, mchezaji akisogeza kete kwa upumbavu, hatasamehewa kwa kuwa mchezo ni wa bure.

Michezo ya video ina wenyewe, na wenyewe wana mawakili. Milton Guasti, mtu wa Argentina, alitumia muda wa kama miaka kumi kuutunga upya mchezo wa zamani wa Nintendo, Metroid II wa mwaka 1991, ambao ulikuwa umechorwa kwa ajili ya kioo kidogo kisicho na rangi. Kazi yake aliiita AM2R, akaitoa bure tarehe 6 Agosti 2016, siku Metroid wa kwanza alipotimiza miaka 30. Siku chache hazikupita, barua za mawakili zikaja, na mchezo ukaondolewa mahali ulipopakuliwa. Mwaka uliofuata, Septemba 2017, Nintendo wakatoa utungo wao mpya wa mchezo ule ule. Waliocheza yote miwili wanabishana mpaka leo ni upi bora, na ubishi huo peke yake ni heshima kubwa kwa mtu mmoja mbele ya kampuni nzima. Kampuni ya Sega ilishika njia nyingine: ilimwita Christian Whitehead wa Australia, aliyekuwa akiuchezea mchezo wao wa Sonic kwa mapenzi, ikampa kazi yeye na wenziwe, na mwaka 2017 ukatoka Sonic Mania, ukapokelewa kwa shangwe. Andrew Spinks wa Marekani naye alitoa mwaka 2009 mchezo wake wa Mario wa kujitungia, watu wakaupenda, kisha akaachana na mtu wa watu, akatunga wake mwenyewe, Terraria, uliotoka mwaka 2011 na kuuzwa kwa mamilioni. Mifano hii nilimweleza kijana yote mitatu. Aliusikiliza wa pili kwa furaha, wa tatu kwa makini, na wa kwanza alijifanya hakuusikia.

Sasa niingie katika hukumu yenyewe, nianze na kuruka, maana mchezo wa majukwaa usiojua kuruka ni kama ngoma isiyowambwa.

Katika mchezo wa mwaka 1985 kuruka si tendo moja. Ukigusa kitufe kidogo, Mario huruka kidogo. Ukikishikilia, hupaa zaidi. Akiwa mbioni huruka juu na mbali kuliko akiwa amesimama. Akiwa hewani waweza kumpinda kidogo mbele au nyuma, jambo ambalo hakuna kiumbe wa kweli aliyewahi kuliweza, na bado mkono wa mchezaji hulikubali kama haki yake. Tena hushuka kwa kasi kuliko alivyopanda. Kwa kanuni hizi chache mchezaji hupata kitu ambacho siwezi kukiita kwa jina jingine ila uaminifu: akianguka shimoni, anajua kwamba ni mkono wake uliokosa, basi hurudia kwa hasira lakini bila ya kinyongo. Watungaji wa siku hizi wameongeza huruma nyingine ya siri. Mtu akiwa amekwisha kupita ukingo kwa kitambo kidogo mno, kiasi cha kupepesa jicho, mchezo bado humkubalia kuruka kana kwamba alikuwa angali ardhini. Mchezaji haioni huruma hiyo, huhisi tu kwamba leo ana shabaha.

Mpwa wangu aliichukua sura ya Mario pamoja na kofia yake, na sauti ya sarafu, na rangi ya matofali. Kuruka hakukuchukua. Mtu wake huruka kimo kimoja tu, ukigusa usiguse, na akiwa hewani ni kama jiwe lililokwisha kutupwa. Nilianguka katika shimo la tatu la hatua ya kwanza mara kumi na tisa, na kila mara nilihisi nimesukumwa na mtu. Hili nalitaja mbele kwa sababu ndilo kosa la wapenzi wengi wa kitu cho chote. Mpenzi huikumbuka sura. Aliyemuiga mwimbaji humwiga kanzu na kikohozi chake, asijue kwamba watu walikuwa wakimfuata kwa namna alivyovuta pumzi. Kilichompendeza kijana huyu alipokuwa mtoto kilikuwa mkononi mwake, naye alikitafuta machoni.

Hatua ya kwanza ina kasoro ya pili, nayo imetokana na uzuri. Amechora migomba vizuri mno; majani yake yamechanika kwa upepo kama yanavyochanika kweli kilimani kwetu, na mengine ameyaweka mbele ya kioo, ili mtu aone kana kwamba anachungulia shambani. Nyuma ya majani hayo kuna shimo. Nyuma ya mgomba wa pili kuna mbuzi mkali. Katika asili, adui wa kwanza kabisa huja polepole kutoka kulia, mahali peupe, na mchezaji asiyejua lo lote ana muda wa kutosha wa kufa mara moja na kuelewa. Kisha hutoka uyoga, huteleza mpaka kwenye bomba, hugonga, hurudi kwake, naye akiwa chini ya matofali hana pa kuukwepa. Humgusa, na badala ya kufa anakua mkubwa. Hakuna neno lililoandikwa. Somo zima limo katika mpangilio wa vitu. Mimi nimefundisha madarasa kwa miaka 21 na sijapata kuandaa somo lililo safi hivyo. Mpwa wangu, yeye, amefundisha kwamba uzuri wa shamba ni wa kuogopwa.

Nyakanazi ni furaha tupu. Atakaye kuijua njia panda hiyo, ambapo magari ya Kigoma, ya Mwanza, ya Bukoba na ya Rusumo hukutana, hahitaji kitabu, acheze hatua hii. Mario huruka kutoka turubai la lori moja hadi la lingine. Malori ya mizigo ya Burundi na Kongo huenda polepole, matangi ya mafuta huteleza, na basi la abiria hupita kwa kasi likiacha nafasi ya kukurupuka tu. Sauti hazikuazimwa popote: alikwenda mwenyewe na simu, akazirekodi honi na wapiga debe. Kuna mahali mtu akianguka hafi, bali huokotwa na mwuza mahindi ya kuchoma anayemrudisha juu ya lori kwa sarafu tano. Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuniangalia.

Boma la Biharamulo nalo ni kazi ya mtu aliyeielewa asili kwa undani, kinyume cha ile habari ya kuruka. Katika mchezo wa Nintendo mchezaji hushinda ngome saba, na katika kila moja huambiwa kwamba binti mfalme hayumo humo, yumo katika ngome nyingine. Mpwa wangu ameweka ndani ya boma karani mmoja wa zamani, miwani puani, anayetoka baada ya moto na misumari yote, akamweleza Mario kwa upole kwamba faili lake limekwisha kupelekwa boma jingine. Kisha mchezo unakwisha. Watoto hukasirika. Watu wazima waliopata kufuatilia faili lo lote, mahali po pote duniani, hucheka hata wakashika ubavu. Hapa sura imebadilika yote na mfupa umebaki ule ule, na mtungaji yeyote wa kulipwa angejivunia.

Imebaki hatua ya tatu, nayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Kwa ufundi, hii ndiyo bora kuliko zote nne. Mto unapita chini, umejaa, rangi ya udongo, na juu yake yanaelea magogo. Mario huruka kutoka gogo hadi gogo. Mengine huzama baada ya kukanyagwa, mengine huzunguka, mengine huja mawili mawili yakaachana katikati. Mwendo wake una mapigo kama ya ngoma, na hata kuruka kule kubovu, kwa kuwa ni kwa kimo kimoja, kunapatana na mapigo hayo. Kama ningetoa maksi kwa hatua hii peke yake, ningetoa themanini na tano.

Mama wa kijana, dada yangu mkubwa, alikuwapo jioni moja tulipokuwa tukiicheza. Alikaa nyuma yetu akichambua maharage. Akauliza, "Haya yanayoelea ni nini, mwanangu?" Kijana akajibu bila ya kugeuka, "Magogo, mama." Dada yangu hakusema neno. Aliweka ungo chini, akaenda jikoni kuangalia chungu ambacho kilikuwa hakijabandikwa.

Alikuwa msichana wa miaka 19 mwaka 1994, na nyumba yetu ilikuwa karibu na barabara ya Rusumo. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo, katika muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja kutoka Rwanda wakaingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji kabla ya jua la pili kuchwa. Hiyo ndiyo habari iliyoandikwa vitabuni. Lakini waliokuwa wakiishi kando ya Kagera walikuwa wamekwisha kuona mengine kabla ya siku hizo na baada yake. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameanza tarehe 7 Aprili, na mto ulibeba waliouawa, ukawapitisha chini ya daraja la Rusumo, ukawafikisha Ziwa Viktoria. Kule Kasensero, upande wa Uganda, mto unapoingia ziwani, wako waliozikwa kwa maelfu na watu wasiowajua hata jina. Miezi hiyo samaki walikataliwa sokoni. Dada yangu hajapata kunisimulia aliyoyaona. Najua tu kwamba alikwenda mtoni na dumu, akarudi na dumu tupu, na tangu siku hiyo hadi maji ya bomba yalipofika tulichota kisimani, ambako palikuwa mbali mara tatu.

Kijana alizaliwa miaka kumi baadaye. Hakuna aliyemwambia. Alichukua mto wa kwao, akauwekea magogo, kwa kuwa mito ya michezo ya majukwaa daima huwa na magogo. Hakuna ubaya wo wote katika moyo wake, na wala mimi simhesabii ubaya. Lakini ubaya wa moyo si jambo linalohukumiwa hapa. Kinachohukumiwa ni kazi. Na kazi hii imeazima sheria moja ambayo mwazimaji hakuitafakari, nayo ni hii: katika mchezo wa majukwaa, kila kilichopo ni cha kukanyagwa. Wingu ni la kukanyagwa, kobe ni wa kukanyagwa, turubai la lori vivyo hivyo. Katika nchi ya uyoga sheria hiyo haimdhuru mtu, maana nchi hiyo haina historia wala kaburi. Ukiihamishia mahali penye jina, mahali ambapo watu wanaishi, sheria inakuja pamoja na mtu wako, nayo haitaomba ruhusa. Huko Nyakanazi ilileta kicheko. Hapa ilimwondoa mama jikoni kwake kabla ya wakati wa chakula.

Wapo watakaosema kwamba mchezo ni mchezo na kwamba majonzi yana vitabu vyake. Sikubaliani nao. Mchezo waweza kubeba jambo zito kama utenzi ulivyoweza kubeba vita. Wapo pia watakaosema hatua hii ifutwe kimya kimya. Nao siwakubalii, maana mto ule umekwisha kufutwa katika mazungumzo ya nyumba nyingi, na ndiyo sababu kijana hakujua.

Niliandika hukumu yangu katika karatasi mbili. Maksi za mchezo wote nilimpa 58 kwa 100, nikaeleza zilikopotelea nyingine. Juu ya hatua ya tatu niliandika kwamba ndiyo aliyoitengeneza vizuri kuliko zote, na kwamba kabla ya kuamua lo lote juu yake amwulize mama yake habari za mwaka 1994. Sikumsimulia mimi. Haikuwa haki yangu. Shemeji yangu, baba yake, alikuta karatasi mezani, akaona ile 58, akakasirika. "Mtoto amefanya kazi ya bure, watu wote wanafurahi, wewe unampa hamsini na nane!" Nilimjibu kwamba mitihani ya shule nayo hufanywa bure. Hatukusemezana mpaka Jumatano.

Kuruka alikurekebisha kwa siku tatu. Sasa kitufe kikishikiliwa mtu hupaa, na hata ile huruma ya ukingo ameiweka. Majani ya migomba yalimchukua wiki nzima, kwa kuwa kila jani alilolitoa lilimwuma, na moja amelibakiza kwa ukaidi, nyuma yake hakuna shimo. Mario bado hajamwacha. Namwambia kila mara kwamba mtu wake ataondolewa siku yo yote na wenye mali, na kwamba yule mwuza mahindi wa Nyakanazi angeweza kuwa mkimbiaji mzuri kuliko fundi bomba. Anasema atafikiri.

Hatua ya tatu alikaa nayo miezi miwili. Nilisikia kutoka kwa mama yake kwamba walikwenda wote wawili Rusumo kwa basi, wakasimama juu ya daraja, wakarudi. Zaidi ya hapo hakusema. Kisha kijana akaniletea hatua mpya. Mto upo, umejaa, rangi ya udongo, wala hakuna kinachoelea. Kuna daraja lile la zamani, jembamba. Mario anaingia juu yake, na kuanzia hapo kitufe cha kuruka hakifanyi kazi. Kukimbia pia hakufanyi kazi. Anatembea, sauti ya sarafu imenyamaza, maji ndiyo yanayosikika, mpaka afike ng'ambo, na hapo kuruka kunarudi.

Kwa mizani ya mchezo, hatua hiyo ni mbovu. Watoto hudhani simu imeharibika, huibonyeza, huitikisa, mmoja aliirudisha kibandani akidai itengenezwe. Hakuna adui, hakuna shaka, hakuna cha kushinda; mambo yote niliyoyasifu katika mchezo wa mwaka 1985 hayamo. Lakini pia ni sehemu ya pekee katika mchezo mzima ambayo haidaiwi na Nintendo hata nukta moja, na ni mtu anayejua kuruka ni nini tu awezaye kufikiri kukunyima. Nimeicheza mara nyingi. Nimeona kwamba kidole huendelea kubonyeza hadi katikati ya daraja, kisha chenyewe huacha.

Maksi zake zimenishinda kuandika, nikamwambia hivyo, naye hakuridhika. Tunachobishania sasa ni urefu. Matembezi hayo yanachukua dakika moja na nusu, nami nashikilia kwamba nusu yake ingetosha, kwa sababu baada ya hapo mchezaji huanza kufikiria mambo mengine. Kijana amekataa. Amesema muda huo aliupima mwenyewe juu ya daraja, akitembea nyuma ya mama yake.